Alama Haitoshi: historia fupi ya kuhukumu filamu



Si vigumu kusikia malalamiko juu ya sinema za siku hizi. Filamu zinafanana, hadithi za televisheni huvutwa msimu baada ya msimu mpaka zinachoka zenyewe, na wale ambao kazi yao ni kutusaidia kupambanua hutupa nyota tatu au nne, kisha wananyamaza. Malalamiko hayo si ya bure. Tukizitazama filamu 10 zilizoingiza fedha nyingi zaidi duniani mwaka 2019, hatuoni hata moja iliyobuniwa upya tangu mwanzo. Zote ziliendeleza filamu za zamani, zilizirudia, au zilichukua mashujaa wa vitabu vya picha ambao watu walikwisha kuwajua. Mfanyabiashara anayeweka mamilioni ya dola katika filamu moja huogopa hasara, na mwenye hofu hupenda njia iliyokanyagwa na wengi.

Hata hivyo manung'uniko haya si mapya. Ndugu wawili Lumière walionyesha picha zao mbele ya watu waliolipa kiingilio mjini Paris tarehe 28 Desemba 1895. Haukupita muda mrefu kabla wazazi, walimu na viongozi wa dini hawajaanza kusema kwamba sinema inaharibu watu. Basi swali letu leo si kama wana haki ya kulalamika. Tunauliza walifanya nini na malalamiko yao. Tukisoma historia tunaona njia mbili: wengine waliwapa watu alama, wengine waliwafundisha kutazama. Njia hizi hazikuzaa matunda sawa.

Njia ya alama

Katika miaka ya 1930 Wakatoliki wa Marekani waliunda chama kilichoitwa Legion of Decency, yaani Jeshi la Adabu. Mamilioni ya waamini waliahidi kutokwenda kuona filamu mbovu. Ofisi ya chama ilizipanga filamu kwa herufi: A kwa zile zinazokubalika, B kwa zile zenye sehemu ya kulaumiwa, C kwa zile zilizokataliwa kabisa. Baba Mtakatifu Pius XI aliisifu kazi hiyo katika barua yake Vigilanti Cura ya tarehe 29 Juni 1936, akaomba kila nchi iwe na ofisi ya kuchunguza filamu na kuwajulisha waamini.

Tusiwacheke watu hao. Walikuwa na sababu. Makampuni ya filamu yalikuwa na nguvu kubwa, na mzazi wa kawaida hakuwa na njia ya kujua watoto wake wataona nini gizani. Umoja wao uliwafanya wenye makampuni wasikilize. Lakini herufi moja hubeba mambo machache. Yaweza kusema kwamba filamu ina hatari. Haiwezi kusema filamu inatafuta nini, wala kama ni ya kweli, wala kama imetengenezwa vizuri. Filamu ya kipuuzi isiyo na kosa la adabu ilipata A kwa urahisi, na filamu nzito inayogusa jeraha la binadamu iliweza kupata C.

Tuna mfano unaojulikana sana. Mwaka 1948 Roberto Rossellini wa Italia alitengeneza filamu fupi, Il miracolo. Ni habari ya mwanamke maskini mchunga mbuzi, mwenye akili nyepesi, anayemdhania mpita njia kuwa Mtakatifu Yosefu. Anapopata mimba anaamini ni muujiza, na watu wa kijiji wanamdhihaki. Mpita njia huyo alichezwa na Federico Fellini, aliyekuwa pia mwandishi wa hadithi hiyo. Filamu ilipofika New York, Jeshi la Adabu liliikataa, Kardinali Spellman aliwaomba Wakatoliki wasiende kuiona, na ruhusa ya kuionyesha iliondolewa. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo mwaka 1952 iliamua kwamba filamu nayo inalindwa na haki ya kusema kwa uhuru.

Miaka arobaini na zaidi ikapita. Mwaka 1995, sinema ilipotimiza miaka 100, Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii lilitoa orodha ya filamu 45 zenye thamani ya pekee, kwa ajili ya dini, maadili na sanaa. Katika orodha hiyo tunakuta filamu mbili za Rossellini, na mbili za Fellini. Tunakuta pia Injili kadiri ya Matayo ya Pier Paolo Pasolini, mtu aliyefuata mawazo ya Marx na asiyejiita muamini. Filamu hiyo ilikuwa imekwisha kupewa tuzo la shirika la kimataifa la Wakatoliki la sinema, OCIC, mjini Venezia mwaka 1964. Waliotoa tuzo hilo walikaa, wakaitazama filamu mpaka mwisho, wakajadiliana, wakatoa sababu. Hiyo ndiyo tofauti.

Njia ya mazungumzo

Wakati huohuo Ufaransa, kijana mmoja Mkatoliki, André Bazin, aliyezaliwa mwaka 1918, alikuwa akifanya kazi ya namna nyingine. Alipenda kuwa mwalimu wa shule, lakini kigugumizi kilimzuia. Baada ya vita alibeba filamu na kuzipeleka viwandani na katika vikundi vya wafanyakazi. Akizionyesha, kisha akizungumza nao juu ya kile walichokiona. Kwa nini kamera imekaa hapa? Kwa nini hatuonyeshwi uso wa huyu? Mwaka 1951 alikuwa miongoni mwa walioanzisha gazeti Cahiers du cinéma, ambalo lilibadili namna ya kuandika juu ya filamu. Bazin hakuwa na haraka ya kulaumu. Alitaka kwanza kuelewa, kisha kueleza kwa maneno ambayo msomaji anaweza kuyapima mwenyewe.

Alimpokea pia kijana mmoja aliyekuwa amepotea njia, François Truffaut, mtoro wa shule aliyekwisha kufungwa katika nyumba ya watoto wakosefu. Bazin alimsaidia kutoka, akampa kazi ya kuandika. Bazin alikufa mwaka 1958, akiwa na umri wa miaka 40 tu. Mwaka uliofuata Truffaut alitoa filamu yake ya kwanza ndefu, Les 400 coups, habari ya mtoto asiyepata mtu wa kumsikiliza, na akaiweka wakfu kwa kumbukumbu ya Bazin.

Kanisa lenyewe lilisogea upande huo. Katika barua Miranda prorsus ya mwaka 1957, Pius XII hakusema habari ya kukataza peke yake. Aliomba watu wafundishwe kutazama filamu, katika shule, katika vyama vya waamini na katika parokia. Kutoka hapo vikundi vya kutazama filamu na kuijadili vilienea katika nchi nyingi.

Na kwetu Kongo?

Hapa kwetu njia ya alama ilifikishwa mbali, kwa sababu iliunganishwa na rangi ya ngozi. Chini ya utawala wa Wabelgiji kulikuwa na tume iliyochagua filamu ambazo Mwafrika aliruhusiwa kuona. Ofisi ya serikali ilitengeneza filamu za pekee kwa ajili yake, na wakubwa wake walisadiki kwamba Mwafrika hawezi kufuata filamu ya kawaida, kwa hiyo apewe picha za polepole na hadithi rahisi. Hakuna aliyewauliza watazamaji wenyewe.

Wamisionari walishiriki katika kazi hiyo, na lazima tuseme pande zote mbili. Filamu zao ziliwaonyesha Wakongo kama watoto wa kulelewa. Lakini baadhi yao walikwenda mbele kuliko serikali. Huko Léopoldville, Padre Alexandre Van den Heuvel alitengeneza filamu za michoro za Mboloko, swala mdogo mwerevu ambaye babu zetu walimsimulia kabla ya sinema kuwapo. Kasai, Padre Albert Van Haelst alitengeneza vichekesho vya Matamata na Pilipili, mmoja mnene na mwingine mwembamba, ambavyo watu walivicheka kwa furaha na kuvikumbuka miaka mingi.

Pamoja na tume yote hiyo, sinema iliwafikia vijana kwa mlango mwingine. Katika miaka ya 1950 mitaa ya Léopoldville ilijaa vijana waliojiita Bills, kwa jina la Buffalo Bill. Waliona filamu za wachunga ng'ombe wa Marekani, wakaiga mavazi yao na mwendo wao, wakagawana mitaa kama nchi za vita, wakazua lugha yao, Hindoubill, iliyochanganya Kilingala, Kifaransa na maneno mengine. Wakubwa waliona uhalifu tu, na kwa kweli jeuri ilikuwapo, hasa dhidi ya wasichana. Lakini mchujo wa tume haukuwa umewafundisha vijana hao kuuliza swali hata moja juu ya kile walichokitazama. Waliachwa peke yao na picha.

Padre mmoja wa Scheut, Jozef de Laet, alichagua kwenda kwao. Alijifunza lugha yao, akakaa nao, nao wakamwita Père Buffalo. Hakuanza kwa kuzikataa filamu walizozipenda. Alianza kwa kuzungumza na wale waliozipenda. Kama Bazin kwa Truffaut, alitambua kwamba kijana aliyevutwa na picha anahitaji mkubwa wa kuongea naye kuliko mkubwa wa kumfungia mlango.

Alama mpya

Leo hakuna tume ya kikoloni inayochagua kwa niaba yetu. Filamu zinatufikia kwa simu, kwa kadi za kumbukumbu, kwa vyumba vya video ambamo sauti ya Kiswahili inasimulia juu ya sauti ya filamu. Je, tuko huru? Tutazame alama zinazotuongoza. Tovuti ya Rotten Tomatoes, iliyoanzishwa mwaka 1998, inajulikana duniani kwa asilimia zake. Wengi hudhani filamu yenye 95 kwa 100 ni nzuri kupita kiasi. Sivyo. Hesabu hiyo inasema tu kwamba wahakiki 95 kati ya 100 waliiona inafaa. Filamu ambayo kila mtu ameiona ya wastani, isiyomchukiza yeyote wala kumgusa yeyote, yaweza kupata alama kubwa kuliko filamu ya ujasiri iliyowagawa watu. Ndiyo herufi A ya zamani imerudi, katika mavazi mapya. Na hesabu ya waliotazama, inayotuvuta katika simu zetu, inasema hata machache zaidi: inasema wengi wamefungua, haisemi wamepata nini.

Tuwe na haki pia kwa siku zetu. Tunaposema zamani walitengeneza filamu bora, tunalinganisha takataka zote za leo na filamu chache ambazo wakati umezichuja. Orodha ile ya 1995 ilichagua 45 kutoka karne nzima. Maelfu mengine yamesahauliwa kwa haki. Filamu nzuri zipo hata sasa, na nyingine zimezaliwa kwetu. Pièces d'identités ya Mwezé Ngangura ilipata tuzo kubwa ya FESPACO mjini Ouagadougou mwaka 1999. Mwaka 2020 Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani, alitoa En route pour le milliard, habari ya watu waliopoteza viungo vyao katika Vita vya Siku Sita, Juni 2000, wanaoshuka mto Kongo kwa mashua mpaka Kinshasa kudai fidia waliyoahidiwa. Filamu hiyo iliteuliwa na tamasha la Cannes.

Ni wangapi kati yetu wameiona? Hapo ndipo hasara ilipo. Filamu mbaya hutuibia saa mbili. Kukosa uhakiki hutuibia zaidi, kwa sababu filamu njema hupita mlangoni bila mtu wa kutuita, na mateso ya ndugu zetu wa Kisangani yanajulikana Ufaransa kuliko katika mitaa yetu. Anayelalamika tu anamwacha mfanyabiashara aendelee kuchagua. Anayetoa sababu, mbele ya wenzake, kwa kusikiliza na kujibiwa, ameanza kuchagua mwenyewe.

Kazi hiyo haidai fedha nyingi. Bazin alikuwa na mashine moja na watu waliochoka kwa kazi za kiwanda. Kikundi cha vijana chenye skrini moja, filamu moja kwa mwezi na saa moja ya mazungumzo kinaweza kufanya ambacho herufi na asilimia hazikuweza.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Tuchague filamu moja tuliyoiona wote. Kila mmoja aseme kama ameipenda au la, bila kutumia maneno "nzuri" na "mbaya". Sababu zetu ni zipi?

2. Katika filamu hiyo, ni nani anaonyeshwa kwa karibu na nani anaonyeshwa kwa mbali tu? Wanawake, maskini na watu wa bara letu wamepewa sauti gani?

3. Ni nani, katika mtaa wetu, ameachwa peke yake na picha, na nani kati yetu atakwenda kukaa naye?