Kusimama kama Nguzo

Sisi wa Ndalambo tukimtaja Mchina, kwanza tunataja reli. Ni haki yake. Kazi ilianza mwaka 1970, na mwezi Agosti 1973 mataruma yakafika Tunduma, mpakani na Zambia. Mwaka 1976 njia nzima, kilometa 1,860 toka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ikakabidhiwa rasmi. Katika masimulizi yetu Mchina ni mtu asiyepumzika. Wengine hawakurudi kwao; makaburi yao yako Gongo la Mboto.

Lakini watu hao hao wana mazoezi ya kale ya kusimama tu. Wenyewe huyaita zhan zhuang, yaani kusimama kama nguzo. Mwalimu Wang Xiangzhai, aliyefariki mwaka 1963, aliyafanya msingi wa mafundisho yake ya kupigana, kisha akawafundisha na wagonjwa. Mbona basi wakati wa reli hatukuyasikia? Nadhani jibu liko kwao. Mapinduzi ya Utamaduni ya mwaka 1966 hadi 1976 yaliyabeza mambo ya kale. Miaka tuliyojengewa reli ndiyo miaka ambayo elimu hiyo ilidharauliwa nyumbani kwake. Tuliletewa jasho la China. Utulivu wake ulibaki uani.

Mimi niliyapata kitabuni, nimekwisha staafu ualimu, mgongo umechoshwa na jembe. Unasimama miguu imeachana upana wa mabega, magoti yamelegea kidogo, mikono mbele ya kifua kana kwamba umekumbatia mtungi mkubwa. Mabega yashuke. Pumzi iingie puani, ishuke tumboni, itoke bila kusukumwa. Dakika tano za kwanza ni ndefu kama safari: mapaja hutetemeka, akili huhesabu madeni. Halafu pumzi hutulia, na mtu hugundua kuwa kumbe nguvu na ulegevu vyaweza kukaa mwilini pamoja.

Majirani huniuliza, "Mwalimu, unamngoja nani?" Siwalaumu. Tumelelewa kuamini kwamba asimamaye bila jembe ni mvivu, tukapima utu kwa jasho, kama tulivyowapima wale wajenzi. Ndugu msomaji, siidharau kazi, ndiyo iliyotulisha. Ila mtu si taruma, hata alale chini ya mizigo usiku na mchana. Naye ana haki ya kusimama kidogo, akapumua.