Dhamana ya Mbeba Mzigo

Tarehe 20 Agosti 1820 theluji iliporomoka kwenye mlima Mont Blanc, juu ya mji wa Chamonix, ambao leo uko Ufaransa. Iliwasomba waongozaji watatu, Pierre Balmat, Pierre Carrier na Auguste Tairraz, ikawatumbukiza katika ufa wa barafu. Mgeni wao, Dakta Joseph Hamel, mwanasayansi kutoka Urusi, alishuka salama. Mabaki ya waongozaji hao yalianza kutokeza mwishoni mwa barafuto la Bossons mwaka 1861.

Mimi ni mwongozaji wa Kilimanjaro, mzaliwa wa Marangu, na huwasimulia wagumu, yaani wabeba mizigo ninaofanya nao kazi, kisa hiki kwa ajili ya yaliyofuata. Mwaka 1821 waongozaji waliobaki waliunda Chama cha Waongozaji cha Chamonix, na ndani yake mfuko wa kuwasaidia walioumia na familia za waliofariki. Nyumbani tungeuita chama cha kufa na kuzikana, ila huu ulijazwa na fedha ya kazi yenyewe. Hatari ya mlima ikahesabiwa kuwa sehemu ya gharama ya safari.

Hesabu kama hiyo iliingia viwandani pia: mwaka 1884 Ujerumani ikapitisha sheria ya bima ya ajali kazini. Mfanyakazi wa kiwandani au mgodini akiumia, alilipwa bila kulazimika kuthibitisha kosa la tajiri wake, na waajiri ndio waliochangia. Miaka 5 baadaye, tarehe 6 Oktoba 1889, Mjerumani Hans Meyer na mwenzake Ludwig Purtscheller, Mwaustria, walifika kilele cha Kibo, juu ya Kilimanjaro. Mizigo ilikuwa imepandishwa na wapagazi, na Mwini Amani wa Pangani alikaa nao katika kambi ya juu, kwenye baridi ya kuua. Kilele kikapewa jina la Kaisari Wilhelm. Sheria ya fidia ya Ujerumani haikumfikia Mwini Amani.

Baba yangu alianza kubeba mizigo baada ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro kuanzishwa mwaka 1973. Kazi ilipatikana kwa kuitwa jina getini, mkataba haukuwapo. Siku moja aliteguka goti akishuka kutoka kambi ya Horombo, mita 3,720, wenzake wakamteremsha kwa zamu mgongoni. Ujira wake ulikatwa kuanzia siku aliyoumia, na matibabu yakachangwa na ukoo. Mgeni aliyembebea mzigo alikuwa na bima kutoka kwao.

Leo mizigo hupimwa getini, na kikomo ni kilo 20. Mgeni hulipia ada ya uokoaji, na kampuni nyingi humtaka awe na bima inayogharimia helikopta na hospitali. Humsainisha pia karatasi kwamba anazijua hatari za mlima. Karatasi kama hiyo ina mipaka yake. Nchini Uingereza, kwa mfano, sheria inamkataza mfanyabiashara kukwepa kwa maandishi dhima ya kifo au majeraha yaliyotokana na uzembe wake. Naikubali hoja hiyo kwa moyo wote. Mgeni huja Kibo kwa hiari yake, lakini kumsukuma mtu anayepepesuka kwa ugonjwa wa mwinuko aendelee kupanda ni uzembe wa anayempandisha.

Mgumu naye ana Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, ambayo mfuko wake, WCF, ulianza kazi mwaka 2015. Mwajiri ndiye anayechangia. Fidia inahusu matibabu, ulemavu, na pensheni ya wategemezi wa aliyefariki. Tatizo ni ushahidi wa ajira. Aliyechukuliwa getini asubuhi, asiye na mkataba wala jina kwenye orodha ya malipo, akivunjika mguu kambi ya Barafu ataonyesha nini?

Kwa hiyo nawasihi wageni: mnapouliza bei ya safari, ulizeni pia mikataba ya watu watakaowabebea mahema. Na sisi wenye leseni za uongozaji tukatae kupandisha kikosi ambacho majina yake hayajaandikwa. Nimeshuhudia mwenyewe: mwongozaji akigoma getini saa mbili asubuhi, mikataba huwa imeshasainiwa kabla ya saa nne.