Jeni Zilezile, Kiumbe Kingine: Pengo katika Sheria za Usalama wa Viumbe

Mnamo Januari 2020 jarida la Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani lilichapisha makala ya Sam Kriegman, Douglas Blackiston, Michael Levin na Joshua Bongard kuhusu vijiumbe visivyofika milimita 1, vilivyoundwa kwa seli za viinitete vya chura. Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Vermont ilibuni maumbo kwa maelfu, ikayatupa yaliyoshindwa kusogea na kuyaendeleza yaliyofaulu. Kisha, katika Chuo Kikuu cha Tufts, maumbo machache yaliyoteuliwa yalichongwa kwa mkono chini ya hadubini. Seli za ngozi zilishikilia umbo, na seli za misuli ya moyo zikasukuma. Vijiumbe vikatembea, vikasukuma chembechembe zilizomo sahanini, na vilipokatwa vikajiziba majeraha. Jina zenoboti limetokana na Xenopus laevis, chura wa kusini mwa Afrika aliyetoa seli hizo.

Magazeti yalishughulika na neno "roboti". Mimi nilivutwa na jambo ambalo halikupewa uzito, nalo ni kwamba hakuna jeni hata moja iliyoguswa. Seli zilezile, kama zingeachwa ndani ya kiinitete, zingekuwa ngozi na moyo wa kiluwiluwi. Zilipotengwa na kupangwa upya, zikawa kitu ambacho hakijawahi kuogelea katika bwawa lolote. Upya wake wote umo katika mpangilio.

Sheria zetu hazina jicho la kuona upya wa namna hiyo. Itifaki ya Cartagena, iliyofunguliwa kwa kutiwa saini jijini Nairobi Mei 2000 na kuanza kutumika Septemba 2003, inamhesabu kiumbe kuwa amebadilishwa pale anapokuwa na mchanganyiko mpya wa vinasaba uliopatikana kwa bioteknolojia ya kisasa. Sheria ya Usalama wa Viumbe ya Kenya ya 2009 imefuata njia hiyo, na kanuni za Tanzania za mwaka huohuo, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, zimejengwa juu ya msingi huo. Watunzi wake walikuwa na mahindi na pamba akilini, na kwa mazao hayo kipimo cha jeni kilitosha. Kwa zenoboti hakitoshi: mtu akiifikisha bandarini Mombasa ndani ya chupa, ofisa atakayeuliza kama ina vinasaba vipya atajibiwa, kwa ukweli mtupu, kwamba haina.

Upungufu huu unaonekana vizuri zaidi tukiweka kando yake kazi nyingine. Mwaka 2016 Kevin Kit Parker na wenzake wa Harvard walitengeneza taa bandia, yule samaki bapa mwenye mkia mrefu, mwenye urefu wa milimita 16 na uzito wa gramu 10 hivi. Alikuwa na kiunzi cha dhahabu na mwili wa plastiki inayonyumbulika, juu yake zikapandwa seli zipatazo 200,000 za moyo wa panya. Seli hizo zilikuwa zimetiwa jeni ya protini inayohisi mwanga, yenye asili ya mwani, hivyo samaki huyo aliongozwa kwa mimuliko ya taa kupita katikati ya vizuizi. Huogelea tu ndani ya maji vuguvugu yenye chumvi na glukosi. Ukimtupa baharini, amekufa. Hata hivyo, kwa kipimo cha jeni, yeye ndiye mwenye mchanganyiko mpya wa vinasaba, na yeye ndiye wa kutiliwa shaka. Zenoboti, iliyotoka kwa mnyama azoeaye maji ya mabwawa, inapita bila swali. Kipimo kinachomkamata asiye na pa kwenda na kumwachia mwenye uwezekano wa kwenda, kwa maoni yangu, kinapima kisichohusika.

Atakuwapo wa kusema ninaogopa kivuli. Zenoboti za 2020 ziliishi siku saba hadi kumi hivi kwa kutumia akiba ya kiini cha yai, kisha zikaoza kama tishu nyingine yoyote. Hata uzalianaji uliotangazwa mwishoni mwa 2021 ulikuwa na masharti mazito. Zenoboti zilikusanya seli shina zilizotawanywa sahanini, na mafungu ya seli zipatazo 50 au zaidi yakageuka kuwa zenoboti mpya. Bila mtafiti kumwaga seli hizo, hakuna kizazi kinachofuata. Yote haya nayakubali. Lakini kazi ambazo watafiti wenyewe wanazitaja kuwa shabaha za baadaye ni pamoja na kukusanya plastiki ndogondogo majini. Huwezi kuahidi kusafisha bahari, kisha ukatutuliza kwa kusema kwamba kitu chenyewe hakitatoka sahanini.

Historia ya chura huyohuyo ina jibu zuri zaidi kuliko langu. Kuelekea 1930, Lancelot Hogben akiwa Chuo Kikuu cha Cape Town aliona kwamba Xenopus wa kike akidungwa kemikali itokayo kwenye tezi ya chini ya ubongo wa ng'ombe hutaga mayai. Punde ikafahamika kwamba mkojo wa mjamzito nao hufanya vivyo hivyo, na kwa miongo kadhaa vyura hai walisafirishwa kwa wingi kwenda Ulaya na Amerika kuwa kipimo cha mimba. Wengine walitoroka, wengine waliachiwa vilipokuja vipimo vya kemikali. Leo wamejenga makao katika mabwawa ya California, Chile na Ufaransa, wakila viumbe wa huko. Hakuna aliyewabadilisha jeni. Walihamishwa tu mahali, na hilo lilitosha kuleta madhara.

Kwa hiyo napendekeza sheria ianze na swali la uwezo: kitu hiki kinaishi muda gani nje ya maabara, kinajilisha kwa nini, kinahitaji nini ili kiongezeke, na kinabadilika vipi kikikutana na wenzake? Jeni zibaki kuwa swali mojawapo kati ya hayo. Sidai kibali kwa kila sahani yenye seli. Utafiti wa ndani ya maabara utoe taarifa tu. Kibali kihitajike pale kitu kinapokusudiwa kuvuka mpaka au kutiwa majini. Zile zilizokusudiwa kuwa dawa, kama anthroboti za 2023 zilizotokana na seli za koo la hewa la watu wazima, zina njia yake kupitia mamlaka za dawa, na Itifaki yenyewe inaziacha nje dawa za binadamu zinazosimamiwa na mikataba mingine.

Ugumu halisi uko kwingine. Zenoboti za 2020 zilisanifiwa kutembea, na kuzaliana kwa kukusanya seli kukaja kuonekana baadaye. Zile za umbo la tufe kwa kawaida ziliishia kizazi kimoja. Kompyuta ilipopendekeza umbo la herufi C, vizazi vikafika vinne, ilhali seli zilikuwa zilezile. Maelezo ya msanifu juu ya alichokusudia hayawezi basi kuwa ushahidi wa kutosha juu ya kitakachotokea. Mwombaji adaiwe majaribio ya maumbo ya jirani na lake na ya mazingira ambayo hakuyalenga, na majaribio hayo yafanywe na maabara isiyo yake.