Wekundu Unaogeuka Mweusi: Roma, Dunhuang na Kondoa

Matajiri wa Roma ya kale waliipenda sinabari, jiwe jekundu la zebaki na salfa lililochimbwa Hispania. Mwandishi wa Kirumi Pliny anaeleza kuwa sheria iliiwekea bei ukomo: sarafu za sestertii 70 kwa ratili. Anaeleza pia jinsi mafundi walivyoiiba: waliisuuza kila mara brashi iliyoshiba rangi, nayo rangi, kwa uzito wake, ikatuama chini ya chombo ikimngoja mwizi.

Kizuri hakikosi ila. Msanifu majengo wa Kirumi Vitruvius anasimulia habari za karani Faberius, aliyezipaka sinabari kuta za ua wa nyumba yake kwenye kilima cha Aventine. Baada ya siku 30 tu kuta zilijaa mabaka ya kuchukiza, akalazimika kuagiza rangi nyingine. Dawa anayoitoa Vitruvius ni nta: iyeyushwe na mafuta kidogo, ipakwe kwenye ukuta mkavu, ipashwe kwa makaa mpaka itoke jasho, kisha isuguliwe kwa mshumaa na kitambaa safi.

Warumi walijua kuwa jua ndilo linaloharibu, ila hawakujua kwa njia gani. Kwa muda mrefu wataalamu walidhani sinabari hugeuka tu kuwa salfaidi nyeusi ya zebaki. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006, wa vipande vya ukuta wa Villa Sora karibu na mlima Vesuvius, ulionyesha mambo mengine: klorini imeungana na zebaki, na chokaa ya ukuta imegeuka jasi kwa sababu ya salfa. Mabadiliko hayo huhitaji mwanga na hewa. Ndiyo maana kuta zilizofukiwa na majivu ya mlima huo mwaka 79 zilihifadhi wekundu wake kwa karne nyingi, zikaanza kusawijika baada ya kufukuliwa.

Huko Dunhuang, China, kwenye mapango ya Mogao, mhusika ni mwingine. Wachoraji wa Kibudha walitumia rangi nyekundu ya madini ya risasi, mara nyingi wakiichanganya na nyeupe ili kupata rangi ya ngozi. Penye unyevu na mwanga, rangi hiyo hupokea oksijeni zaidi na kuwa oksidi ya kahawia iliyokolea, karibu na nyeusi. Katika mapango ya enzi ya Wei ya Kaskazini utaona matokeo yake: mashavu na mikono yenye mistari minene myeusi, huku macho na pua zikibaki nyeupe. Ukutani Roma, weusi uliharibu pambo. Dunhuang umebadili sura za watu, hata mtazamaji akadhani mchoraji alikusudia ukali ule, ilhali alikuwa akitia kivuli laini kwenye shavu. Pango namba 220 linatoa ushahidi wa upande wa pili. Picha zake za mwaka 642 zilifunikwa na michoro ya baadaye. Ilipobanduliwa katika miaka ya 1940, rangi za chini zilikutwa zingali na uhai.

Sasa tazama Kondoa, katikati ya Tanzania. Watu wembamba waliochorwa kwenye miamba ya Kolo hawakufukiwa wala kufunikwa. Wanapigwa na mwanga na upepo, na bado ni wekundu. Rangi yao inatokana na udongo wenye oksidi ya chuma. Chuma hicho kimekwisha kushika kutu, kwa hiyo hewa haina la kukiongezea, na mwanga haukivunji. Maadui wa picha hizo ni maji yanayotiririka juu ya mwamba, chumvi, vumbi na mikono ya wageni.

Tofauti ya mapokeo haya, basi, haiko kwenye ustadi wa mchoraji, bali kwenye madini aliyoyachagua. Sinabari na rangi ya risasi zilitoa mng'ao ambao udongo hauwezi kuutoa. Udongo nao ulitoa udumifu ambao pesa za Faberius hazikuweza kuununua.

Nta ya Vitruvius ilikuwa kinga tu. Weusi ukishaingia si uchafu wa kufuta: ni rangi yenyewe iliyobadilika, na anayeisugua anaondoa picha. Kinachobaki ni kupunguza mwanga na unyevu. Na mhakiki asihukumu mtindo wa mchoraji kabla hajajua rangi aliyochovya ilikuwa ya madini gani.