Mwanga wa Kuazima: Dirisha la Ndani katika Historia ya Makazi ya Mbuya, Kampala

1.0 Utangulizi

Historia ya makazi ya mijini katika Afrika Mashariki imeandikwa zaidi kwa kutazama sura ya nje ya nyumba: mabati yaliyochukua nafasi ya nyasi, matofali yaliyochukua nafasi ya fito na udongo. Ukuta wa ndani haujazungumzwa sana, ilhali ndio unaoamua ni nani katika nyumba atakayekaa mwangani na nani atakayekaa gizani. Makala hii inachunguza dirisha la ndani, yaani uwazi unaotobolewa katika ukuta wa kati ili chumba kisicho na dirisha la nje kipokee mwanga kupitia chumba jirani. Hoja yake ni kwamba dirisha hilo huhitajika pale ukuta wa nje unapokuwa adimu, na kwamba uhaba huo una historia.

2.0 Neno na Kitu

Waganda huliita dirisha eddirisa. Neno hilo wamelipata kutoka Kiswahili, ambacho nacho kililikopa kutoka Kiajemi. Njia ya neno inafuatana na njia ya biashara: mnamo 1844 Ahmed bin Ibrahim, mfanyabiashara kutoka pwani, alifika katika ikulu ya Kabaka Suuna II. Nyumba ya jadi ya Buganda ilikuwa ya mviringo, ikipokea mwanga mlangoni. Mfano wake mkuu ni Muzibu Azaala Mpanga pale Kasubi, iliyojengwa 1882 na Kabaka Mutesa I na kuteketea 2010. Ndani yake mgawanyo ulifanywa kwa pazia la gome la mti. Tofauti hii ni ya msingi. Pazia hufunguliwa mwanga unapotakiwa, lakini ukuta wa matofali haufunguki. Kwa hiyo haja ya dirisha la ndani ilizaliwa pamoja na chumba cha pembe nne na ukuta wa kudumu.

3.0 Mfano wa Pwani

Waswahili wa pwani walikwisha kulikabili suala hili mapema. Katika nyumba za mawe za Lamu, vyumba vilikuwa vyembamba kwa sababu urefu wa boriti za mikoko uliweka mpaka wa upana wake. Vyumba hivyo vilipangwa sambamba, kimoja nyuma ya kingine, kuanzia kiwanda, yaani ua wa wazi, hadi ndani. Mwanga uliingia kiwandani, ukapita misana, ukafika ndani ukiwa umefifia, huku kuta za chokaa nyeupe zikiurudisha. Giza la ndani halikuwa dosari ya fundi. Lilikuwa sitara, na lilichaguliwa na mwenye nyumba aliyekuwa na ua wake mwenyewe. Funzo la nyumba hiyo ni kwamba mwanga unaweza kupitishwa kutoka chumba hadi chumba, mradi chumba cha kwanza kina mwanga wa kutosha kugawa.

4.0 Kampala: Mpango na Muzigo

Mnamo 1947 ulichapishwa mpango wa kuipanua Kampala upande wa Kololo na Naguru, kazi ya Ernst May, msanifu aliyekwisha kujulikana kwa makazi ya Frankfurt ya miaka ya 1920, ambako jua na hewa vilihesabiwa kuwa haki ya kila mpangaji. Makazi ya umma ya Naguru na Nakawa, jirani na kilima cha Mbuya, yalijengwa katika kipindi hichohicho cha ukoloni na kubomolewa 2011. Hata hivyo, nyumba iliyowapokea wakazi wengi wa jiji haikutoka katika michoro hiyo. Ni muzigo: safu ya vyumba vya kupanga chini ya paa moja, kila kimoja kikishiriki kuta mbili na majirani. Mpangaji hubaki na ukuta wa mbele, wenye mlango na dirisha, na ukuta wa nyuma. Chumba kinapogawanywa kuwa sebule na mahali pa kulala, sehemu ya nyuma hutegemea dirisha dogo; na jirani akijenga karibu, dirisha hilo hufa. Kodi hulipwa kwa chumba, si kwa mwanga, na hivyo mwenye ardhi hapati faida kwa kuacha nafasi kati ya safu mbili.

5.0 Mbuya: Afya na Sitara

Juu ya kilima cha Mbuya zipo nyumba kubwa zenye bustani. Bondeni, upande wa Kinawataka, nyumba za kupanga zimebanana. Jua ni lilelile, na kwa kuwa Kampala iko karibu mno na ikweta, mchana wake hukaribia saa 12 mwaka mzima. Kinachotofautiana ni ukuta wa kulipokelea.

Tofauti hiyo inagusa uhai. Kifua kikuu, ambacho Robert Koch alitangaza kimelea chake 1882, huenea kwa urahisi katika vyumba visivyopitisha hewa. Parokia ya Mbuya yenyewe ilianzisha 2001 huduma ya Reach Out kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, kundi ambalo kifua kikuu hulishambulia zaidi. Hapa ndipo mipaka ya dirisha la ndani inapoonekana. Kioo kisichofunguka huleta mwanga bila hewa. Uwazi usio na kioo huleta hewa, lakini hewa hiyo imekwisha kuvutwa na waliomo chumba cha kwanza, na pamoja nayo husafiri sauti na macho. Ndiyo maana uwazi huo hufaa zaidi ukiwekwa juu ya kimo cha mtu, karibu na dari: mwanga wa juu hufika mbali zaidi chumbani, na sitara hubaki.

6.0 Hitimisho

Dirisha la ndani hugawa mwanga uliopo. Haliongezi hata chembe. Huko Lamu liligawanywa lililokuwa la kutosha. Katika bonde la Mbuya hugawanywa kilichosalia. Kulitoboa ni busara ya mkazi, na busara hiyo inastahili kuandikwa katika historia ya ujenzi. Lakini kanuni za jiji zinazohesabu madirisha bila kulinda nafasi iliyo mbele ya madirisha hayo zitaendelea kumwacha mkazi huyo aazime mwanga kwa jirani ambaye naye hana.