Taraza, Wala Si Mapunguzo

Imenifikia orodha ya manunuzi ya mavazi ya tamthilia moja ya kihistoria, inayosimulia Unguja ya enzi ya Seyyid Barghash, yaani kati ya 1870 na 1888. Kwa sehemu kubwa ni orodha ya mtu anayejua kazi yake. Bafta ya kanzu imo, melimeli ya vilemba imo, sufu ya joho, bitana, vifungo vya uzi, kila kimoja na rangi yake na urefu wake. Halafu katikati ya ukurasa linazuka dude: "Mapunguzo ya dhahabu, mita 40." Chini yake: "Mapunguzo ya hariri nyekundu, upana vidole viwili."

Nimehakikishiwa kwamba mwandishi wa orodha hana kosa. Neno kalitoa katika faharasa ya istilahi za ushonaji iliyopitishwa na kamati, na kamati ikishapitisha jambo sisi wengine hubaki kupitiwa. Kijana aliyetumwa Kariakoo alimkabidhi mwenye duka karatasi hiyo. Mzee akaisoma, akavua miwani, akamwambia, "Mwanangu, bei hizi zimeshapungua. Hapa hapapungui tena." Alidhani anaombwa punguzo la bei kwa mita. Nani amlaumu? Kwa Kiswahili kinachosemwa na watu, punguzo ni la bei, la kodi, au la adhabu ya mfungwa mwenye nidhamu. La dhahabu kwenye shingo ya joho halijapata kusikika.

Chanzo cha ajali hii kinaonekana bila darubini. Kiingereza kina neno trim, ambalo asili yake ya kale ni kuimarisha kitu na kukiweka tayari. Kutoka shina hilo yalitoka matawi mawili. Moja lilikwenda kwa kinyozi na mtunza bustani, likawa kukata ncha zilizozidi. La pili likaenda kwa mshona kofia na magauni, likawa kuongeza pambo pembeni. Moja hupunguza, la pili huzidisha. Waheshimiwa wetu, wakiwa na matawi mawili mbele yao, wakaparamia la kinyozi. Lau mmoja wao angeinua macho kutoka kwenye kamusi ya lugha mbili akatazama shingo ya kanzu ya mwenzake, angeona kwamba pale hakuna kilichopunguzwa.

Neno tunalo. Ni taraza.

Wakusanyaji wa msamiati wa pwani wa karne ya 19 walilikuta likitumika, na kamusi za zamani zinalo: ukingo mwembamba wa hariri, mara nyingi mwekundu wenye nyuzi za dhahabu, unaotiwa kwenye kilemba au nguo ya kujitanda. Nguo zilizoshushwa Unguja kutoka Omani na Bara Hindi zilikuwa zikipelekwa kwa mafundi wa pale pale zitiwe taraza kabla ya kuuzwa mjini au kufungwa mitumba ya kwenda bara na misafara. Nguo iliyotiwa taraza ilipanda bei, na aliyejifunga alipanda daraja. Hii ni biashara iliyokuwa na mafundi wake na wateja wake, nayo ilikuwa na jina. Leo tunaambiwa jina halipo, linatafutiwa kikao.

Tulifuatilie neno lenyewe, kwa kuwa wanaolidharau hawajui linatoka nyumba gani. Waarabu wanalo tiraz, na wajuzi wengi hulirudisha nyuma zaidi hadi Kiajemi, kwenye maana ya pambo na kazi ya sindano. Katika dola za Kiislamu tiraz ilikuwa ule ukanda wa maandishi uliofumwa au kutariziwa kwenye mavazi, ukiwa na jina la khalifa na dua ya kumtakia baraka. Karakana zake ziliitwa dar al-tiraz, nazo zilikuwa mali ya serikali. Jina la mtawala lilikuwa na mahali patatu pa kutajwa: katika hotuba ya Ijumaa, kwenye sarafu na kwenye tiraz. Kulifuta jina hilo kwenye ukingo wa nguo ilikuwa ni kutangaza uasi. Wafatimi waliotawala Misri kuanzia 969 hadi 1171 waliigawa kwa maofisa wao kama mshahara wa heshima, na vipande vya kazi hiyo vimo katika majumba ya makumbusho mpaka leo, kitani kikiwa kimepauka na hariri ya ukingoni ikiwa bado inasomeka. Ibn Khaldun, katika Muqaddima aliyoiandika 1377, aliipa tiraz mahali pake miongoni mwa alama za ufalme, pamoja na kiti cha enzi na muhuri.

Hili ndilo neno ambalo rafiki yangu mmoja, mjumbe wa vikao vingi, aliniambia "halina hadhi ya kitaaluma".

Na pwani yetu haikuwa mbali na mambo hayo. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alivalishwa na wenyeji wake, kama ilivyokuwa desturi kwa mgeni msomi: kikoi cha hariri, vazi la kitani cha Misri, joho lenye bitana na kilemba cha Kimisri kilichotiwa mapambo. Alisema pia kuwa Mogadishu yenyewe ilifuma nguo zilizosafirishwa hadi Misri. Neno taraza hakulitumia, na sitamsingizia. Nasema tu kwamba watu waliokuwa wakivaa na kuuza vitu hivyo miaka karibu 700 iliyopita hawakukosa namna ya kuviita.

Wapo watakaoniuliza: je, hatuna tayari tarizi na darizi? Tunazo, na ndiyo sababu nataka kila moja ikae mahali pake. Darizi ina ukoo mwingine: Kiajemi darz, mshono, ambako ndiko alikotoka darzi, fundi wa nguo wa Bara Hindi mpaka leo. Kudarizi ni kupitisha sindano ndani ya kitambaa chenyewe. Tarizi ni kitenzi, ndugu wa baba mmoja na taraza. Taraza ni kitu, kinashikika, kinapimwa kwa yadi, kinakunjwa kama futi ya fundi na kutiwa mfukoni. Anayedai kwamba watu watachanganya tarizi na taraza atueleze kwanza mbona hawachanganyi hesabu na hisabati.

Kundi la nakshi nalo lina kelele. Nakshi ni neno zuri, lakini limezoea mlango wa Lamu na dari ya msikiti. Linachimbwa ndani ya kitu. Almaria ni kazi ya sindano, nayo iachiwe washairi, wanaipenda. Ama vikorombwezo, jamani! Neno lile linafaa kwa achari na pilipili kando ya sahani, na kwa mbwembwe za mtangazaji wa mpira. Mtu akikuletea bili ya vikorombwezo vya dhahabu, utamlipa au utamcheka?

Walio na hoja hasa ni wenye maduka. Ukienda Kariakoo, Darajani au Biashara Street ya Mombasa, kila kilicho chembamba na kinaenda pembeni mwa nguo ni lesi. Lesi ya dhahabu, lesi ya pamba, lesi ya shanga. Naliheshimu neno hilo kwa sababu linauza. Ila lesi halisi ina matundu, na pwani iliitwa kimia, jina la wavu wa mvuvi, aliyeliona tundu kwa tundu akalipeleka kwenye nguo. Mshonaji wa mavazi ya kihistoria hawezi kusema lesi kwa kila kitu, maana akisema "joho liwekwe lesi" ataletewa kimia cheupe cha gauni la kipaimara, na Seyyid atapanda jukwaani kama msimamizi wa bibi harusi. Limetokea, nilikuwa ukumbini, na walioshona wanajijua.

Tulitazame joho kwa karibu. Ukingo wake wa dhahabu huanza shingoni ukiwa mpana, ukateremka pande mbili za kifua ukizidi kuwa mwembamba, kisha ukafuata mshono wa mkono. Shingoni huning'inia vigwe viwili vyenye matamvua. Hivyo vyote ni taraza na jamaa zake. Dunia nzima ililiona joho la namna hiyo tarehe 18 Desemba 2022, pale Lusail, Messi alipovishwa juu ya jezi kabla ya kuinua kombe. Wazungu wakauliza ni kitu gani, Waswahili wakasema joho, tukaendelea kutazama mpira. Barakoa za mabibi wa Unguja wa zama za Sayyida Salme, aliyezaliwa 1844, nazo zilikuwa za atilasi nyeusi zilizozungushiwa taraza ya dhahabu na fedha. (Barakoa! Lilikaa kabatini miaka na miaka, ikaja korona 2020, likatolewa likavaliwa na watu wote bila kikao hata kimoja. Taraza inangoja gonjwa lake.)

Mafundi wa kanzu, kwa upande wao, hawajapata kuishiwa maneno. Wana kaba, kipande cha ndani ya shingo. Wana mjusi, ule mshono wa pambo unaoshuka kifuani kama mjusi ukutani. Wana kiboko, wana ziki. Watu waliomwona mjusi kwenye kifua cha kanzu wakampa kazi, hao ndio tunaowapelekea mapunguzo.

Sasa zari, maana hapo ndipo fedha ya tamthilia inapoliwa. Zar ni dhahabu kwa Kiajemi. Zari ya kweli, ile iliyoupa sifa mji wa Surat, ni uzi wa hariri uliozungushiwa utepe mwembamba wa fedha kisha ukapakwa dhahabu. Rangi yake ni ya joto, imetulia, na ikizeeka inafifia kuwa kahawia. Inayouzwa kwa wingi leo ni plastiki iliyong'arishwa, na chini ya taa za jukwaa hurudisha mwanga mweupe kama bati jipya. Usimwamini muuzaji wala macho yako. Chomoa uzi mmoja, uchome ncha. Plastiki itajikunja na kuacha kidonge kigumu. Hariri itanuka nywele zilizoungua na kubaki majivu yanayovunjika kidoleni, na madini yatabaki yamesimama. Kama mfuko hauruhusu zari ya kweli, afadhali utafute taraza kuukuu kwenye nguo za mitumba au sari chakavu, uifumue taratibu, kuliko kununua mpya inayopiga kelele.

Matumizi ni mepesi. Sema taraza ya zari, taraza ya hariri, taraza ya kimia, taraza ya kigwe, taraza ya matamvua. Nguo hutiwa taraza. Duka lake ni duka la taraza. Dukani taja upana kwa sentimita na urefu kwa mita, uongeze robo mita kwa kila kona utakayokunja. Muuzaji asipokuelewa mara ya kwanza, mwonyeshe, mwambie jina, na mara ya pili atakuwa ameshalijua. Hivyo ndivyo zipu ilivyoingia.

Nasikia faharasa ile iko mbioni kuchapwa tena, na kwamba kuna pendekezo la kuboresha mapunguzo kuwa "vipunguzio pambizo". Nawasihi waheshimiwa wasijisumbue. Wafute neno hilo, waandike taraza, ngeli ya I-ZI, wingi wake taraza, wapeleke kwa mpiga chapa.