Huyu kiongozi ni mtoto wa nani?

Leo tunazungumza historia. Tutachukua swali ambalo kila mtu wa inchi hii amekwisha kulisikia barazani: huyu kiongozi ni mtoto wa nani? Ametoka wapi?

Swali lenyewe si baya. Hata mzee anayeombewa binti yake analiuliza. Lakini kwetu Kongo ndani ya swali hilo mna maswali mawili, nasi tumezoea kuyachanganya. La kwanza ni hili: nyumba aliyokulia ilimfundisha nini? La pili: yeye ni wa kabila gani, na watu wa kabila lake wanaokaa hapa kwetu ni akina nani?

Tuanze na la kwanza. Moïse Tshombe alizaliwa mwaka wa 1919 huko Musumba, mji wa Mwant Yav, mfalme wa Walunda. Baba yake alikuwa mfanyabiashara tajiri, wakati ambapo mtu mweusi mwenye mali kama ile alikuwa haba sana chini ya Wabelgiji. Mtoto alisoma kwa Wamethodisti, akaoa binti wa Mwant Yav, akashika biashara ya baba, akafilisika. Upande mmoja kiti cha ufalme, upande mwingine meza ya duka. Mtu aliyekua akijua kwamba ufalme wa Walunda ulikuwako kabla ya ramani ya Wabelgiji, huenda hakuona ajabu kubwa kuigeuzia Léopoldville mgongo. Tarehe 11 mwezi wa saba 1960, siku kumi na moja tu baada ya uhuru, alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Bila shaka kulikuwa na shaba pia, na kampuni ya Union Minière, na maofisa Wabelgiji. Tusidanganyane kwamba ukoo peke yake ulifanya kazi yote ile. Tena Katanga yenyewe haikuwa moja: Waluba wa kaskazini, pamoja na chama cha Balubakat cha Jason Sendwe, walikataa, na vita vikawaka kati ya watu wa jimbo moja. Aliyejiita mtoto wa Katanga hakuwa mtoto wa Katanga yote.

Patrice Lumumba hakuwa na kiti wala duka. Alizaliwa mwaka wa 1925 huko Onalua, katika Sankuru, baba yake mkulima. Aliondoka kwao angali kijana, akawa karani wa posta huko Stanleyville, mji tunaouita leo Kisangani. Chama chake, MNC, kilichoanzishwa mwaka wa 1958, kilitafuta kura katika inchi nzima. Katika uchaguzi wa mwezi wa tano 1960 ndicho kilichopata viti vingi kupita vyama vingine, na nguvu yake kubwa ilikuwa huko Stanleyville, mahali ambapo Lumumba alikuwa mtu wa kuja. Huyu alijengwa na safari na kazi kuliko na ukoo. Lakini tuseme kweli yote. Serikali yake ilipotuma askari Kasai ya Kusini mwezi wa nane 1960, waliua raia Waluba huko Bakwanga. Kuwa kiongozi wa taifa zima hakukuzuia damu. Yeye mwenyewe aliuawa tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961, katika Katanga ya Tshombe.

Kuhusu Joseph Kasa-Vubu, raisi wetu wa kwanza, watu walinong'ona kwamba babu yake alikuwa Mchina, mmoja wa wale walioletwa kujenga reli ya Matadi. Hata hivyo tangu mwaka wa 1954 alikuwa mkubwa wa Abako, chama cha Wakongo wenyewe. Mnaona basi kwamba minong'ono ya asili ya raisi haikuanza jana.

Mobutu ni fumbo zaidi. Baba yake alikuwa mpishi, akafariki mwaka wa 1938 mtoto akiwa na miaka minane. Alilelewa na mama yake, Mama Yemo, na ndugu wengine, akapita kwa wamisionari, akaingia jeshini mwaka wa 1950. Hakurithi kitu. Alipokwisha kutawala ndipo alipojitengenezea ukoo. Hospitali kubwa ya Kinshasa ilipewa jina la mama yake. Gbadolite, kijiji cha mababu zake msituni, kikapata majumba ya kifalme na kiwanja kirefu cha ndege. Walinzi wake, wale wa DSP, wakachaguliwa zaidi kati ya Wangbandi wenzake. Na yote hayo alipokuwa akihubiri chama kimoja, MPR, na taifa moja! Huyu hakutengenezwa na ukoo. Ukoo ndio uliotengenezwa naye.

Sasa tufike kwenye swali la pili, na hapa tutakaa zaidi, maana ndilo lililojaza makambi.

Mwezi wa saba 1991 Étienne Tshisekedi na Nguz Karl-i-Bond walikaa meza moja. Pamoja na wengine waliunda Union Sacrée ya kumpinga Mobutu. Tshisekedi ni mzaliwa wa Kasai. Nguz ni Mlunda, tena wa ukoo wa Tshombe. Wakati ule asili zao hazikuwazuia kula pamoja. Mwezi wa kumi na moja wa mwaka ule ule, Nguz aliiacha meza, akakubali kuwa waziri wa kwanza wa Mobutu. Tarehe 15 mwezi wa nane 1992, Mkutano Mkuu wa Taifa ulimchagua Tshisekedi mahali pake. Hapo ugomvi ulikuwa wa watu wawili juu ya kiti kimoja, nacho kiti kilikuwa Kinshasa.

Lakini moto uliwaka Likasi. Katika Katanga, iliyoitwa Shaba wakati ule, chama cha UFERI na gavana wa jimbo walikuwa wamekwisha kuwaambia watu kwamba Mkasai ndiye anayekula kazi zao. Wakasai waliitwa bilulu, yaani wadudu. Tshisekedi alipochaguliwa, vijana wa chama, wale JUFERI, waliingia mitaani. Nyumba zilichomwa, wafanyakazi wakafukuzwa kazini, walimu wakatolewa mashuleni. Mwaka wa 1993 ikawa zamu ya Kolwezi. Watu kwa mamia ya maelfu walikimbilia stesheni, wakalala hapo majuma na miezi wakingojea gari la moshi la kwenda Kasai.

Wengi wao hawakuwa wameiona Kasai. Babu zao waliandikwa kazi na Union Minière na kampuni ya reli zamani za Wabelgiji, kwa sababu migodi ilikosa mikono. Reli kutoka Bukama hadi Port-Francqui, yaani Ilebo ya leo, ilimalizika mwaka wa 1928. Njia ile ile iliyowaleta babu kazini ndiyo iliyowabeba wajukuu wakiwa wamekaa juu ya mabogi.

Fundi wa mgodi wa Likasi alikuwa amempa Tshisekedi kazi gani? Alikuwa amekula naye lini? Jina la kiongozi lilipotajwa kwa radio, fundi yule aligeuka kuwa jamaa yake kwa siku moja. Na ninyi mashefu, angalieni jambo hili: ugomvi ulikuwa wa Kinshasa, lakini kazi ya kuchambua nani mwenye inchi na nani mgeni ilifanyika mitaani, mlango kwa mlango. Hapo ndipo sauti ya mkubwa wa mtaa ilipohitajiwa.

Maneno ya namna hii yalirudi katika kampeni ya mwaka wa 2006. Mwaka wa 2021 tena ililetwa bungeni kazi ya sheria iliyotaka raisi awe mtu ambaye baba na mama yake wote wawili ni Wakongomani. Wengine waliipinga kwa nguvu, wakisema imekatwa kama nguo kwa kipimo cha mtu mmoja.

Nguz alifariki mwaka wa 2003, Tshisekedi mwaka wa 2017. Waliofia stesheni za Likasi na Kolwezi, wengi wao walikuwa watoto wadogo na wazee. Baadhi ya waliosalia walirudi Katanga miaka iliyofuata, wakakuta watu wengine wanakaa katika nyumba zao.

Wakati wetu umekwisha. Juma lijalo tutazungumza sheria za uraia, ile ya 1972 na ile ya 1981, jambo linalowagusa wengi wenu mliotoka Masisi na Rutshuru.